Kengele ya Sabuni na Vita vya Chini ya Maji

Ting.

Ndivyo inavyolia simu ya mwanangu Maduhu kila jioni nikiwa jikoni. Ting, halafu kimya, halafu ting nyingine ya mbali, utadhani jirani anagonga sufuria tupu. Ni gemu ya nyambizi, ile meli inayotembea chini ya maji kwa makusudi, na hiyo sauti ni ya adui anayeitafuta. Leo kijana alinijia mpaka jikoni, macho yamemtoka, akaniambia, "Mama, hii ni ya ukweli kabisa. Adui anakusikia kweli. Ukiwasha injini tu, umekwisha!"

Nilicheka mpaka nikaunguza michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Yeye akadhani naicheka gemu yake, akanuna, akarudi chumbani. Hakujua kwamba mama yake, anayemwona hapa Mwanza kila siku akibishana na wauza dagaa, aliwahi kuwa baharia wa nyambizi huko Bariadi, mahali ambapo maji mengi kuliko yote tuliyoyajua yalikuwa lambo la kunyweshea ng'ombe. Tena alitafutwa na adui mwenye masikio kuliko hiyo simu yote. Ngojeni niwasimulie nyinyi, maana huyu mtoto hana subira.

Kwetu ni kijijini, ukitoka Bariadi mjini ukishika njia ya kwenda Mwamapalala. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Zamani pamba ilinunuliwa na ushirika peke yake, basi. Sasa yakaja makampuni, kila moja na geti lake la rangi yake, na malori yakawa yanapita vumbi juu mpaka kuku wetu wakasahau rangi zao. Mitumba ikamwagwa mnadani. Mtu aliyekuwa na shati moja akawa na matatu na miwani ya jua. Na Mjomba Masalu, mdogo wake Mama, akapata ukarani kwenye kampuni mojawapo, na mezani kwake ikaletwa kompyuta.

Jamani, ile kompyuta! Ilifunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, na kuifunua ilikuwa shughuli ya kunawa mikono kwanza. Ilikuwa imeshatumika huko ilikotoka, na wenyewe walisahau ndani yake gemu ya nyambizi. Basi Jumamosi mchana, bosi akishaondoka na jenereta ya kinu cha pamba bado inanguruma, Mjomba alituruhusu mimi na kaka yangu Shija tuingie. Mpaka leo nikinusa mbegu za pamba, ile harufu yake ya mafuta na vumbi la joto, naona kioo cheusi chenye mistari ya kijani na Mjomba ameegemea mbele, tai imeingia kwenye kikombe cha chai.

Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza, na Mjomba alitutafsiria anavyojua yeye. Sisi tuko chini. Adui yuko juu. Hatuoni, hatuonekani. Kinachotutambulisha kwake ni kelele tu. Na palikuwa na mahali pa kuchagua adui awe na masikio ya namna gani. Mjomba, pamoja na suruali yake ya kunyooshwa mstari, siku zote alichagua adui kiziwi. Meli zao zilipita juu yetu na injini yetu inawaka, tunapiga moja baada ya nyingine, Mjomba anashangilia mpaka mlinzi anachungulia.

Shija hilo lilimkera. Shija alikuwa darasa la sita na alikuwa mtu wa haki. "Sasa Mjomba, hiyo ni vita gani? Wewe unampiga mtu asiyekusikia."

"Nampiga ndiyo. Kwani yeye hakuja vitani?"

"Mpe masikio."

Mjomba akampa masikio, makali kabisa, na tangu hapo tukawa tunakufa. Tulikufa Jumamosi nyingi. Tulikufa tukiwa tumezama, tulikufa tukiwa tumetulia, siku moja tulikufa Mjomba akiwa amekwenda kujisaidia. Lakini katika kufa huko Shija alizikamata kanuni, na akawa anazikariri njiani tukirudi nyumbani, mimi nyuma yake naitikia kama kwaya. Ukisikika, zima kila kinacholia. Shuka chini kabisa. Usikae mahali uliposikika mara ya mwisho. Ukizidiwa, tupa kitu cha makelele upande wa pili, adui akikimbilie hicho. Ukishayafanya hayo tulia tu, maana adui atazunguka, atazunguka, mwisho atachoka aende zake.

"Na asipochoka?" niliuliza siku moja.

"Anachoka. Kompyuta inasema."

Tulipomweleza Bibi mambo haya, mama yake Baba, aliacha kubangua karanga akatugeuzia uso. "Meli imezama?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na watu wamo ndani?"

"Wamo."

"Na wanafurahi?" Akatikisa kichwa. "Mwambieni huyo mjomba wenu arudi shambani."

Bibi macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga, aliona kivuli cha mtu mlangoni, basi. Lakini kazi ya kubaki na sisi wazazi wakienda kwenye pamba ilikuwa yake, na aliifanya amekaa kwenye kigoda chake kando ya mlango, ungo mapajani, kichwa kimeinama upande mmoja. Kila ng'ombe wa jirani aliyevaa kengele, Bibi alimjua. "Ng'ombe wa kwa Maganga leo wamechelewa kunywa," alikuwa akisema, hana habari kama kuna mtu anamsikiliza. Au, "Yule ndama mwekundu anachechemea." Tulikwenda kuangalia. Kweli anachechemea!

Na palikuwa na Sabuni. Sabuni alikuwa mbuzi dume, mweupe mwenye soksi nyeusi, aliyefiwa na mama yake siku aliyozaliwa. Mimi ndiye niliyemlea kwa maziwa ya ng'ombe, kwa chupa. Jina alilipata baada ya kula mche mzima wa sabuni ya Mama na kutoka povu siku nzima, Baba akitaka achinjwe haraka kabla hajafa mwenyewe. Hakufa. Alipona, na tangu hapo akanifuata kila mahali. Kisimani yuko, chooni yuko nje anangoja, shuleni mpaka mwalimu alipomfukuza kwa chaki. Bibi mwenyewe alimfunga kengele shingoni, ya chuma, aliyoitengeneza mhunzi wa kijiji, yenye sauti nyembamba isiyofanana na nyingine. Ting, ting, huku na huku, tangu asubuhi mpaka jioni.

Nikwambieni na hili. Watoto wengine pale kijijini waliitwa na bibi zao mpaka bibi wakakauka koo. We Holo! We Kulwa, uko wapi? Mimi hapana. Sikuwahi kumsikia Bibi akiuliza Kabula yuko wapi. Nilijiona mtoto mwenye bahati, mtoto huru, na nilikuwa nawaringia wenzangu kwa hilo.

Msimu ule, pamba ikiwa imeshavunwa na makorongo yamekauka, ikaja habari kwamba dada yetu Nyamizi anachumbiwa na kijana wa Binza, kule Maswa mjini, mwenye duka. Washenga watafika. Nyumba ikapakwa udongo mpya, Mama akaazima vikombe. Jioni ya kuamkia siku yenyewe Baba akasimama uani, akamtazama Sabuni kuanzia pembe mpaka mkia, kwa yale macho ambayo mtoto wa mfugaji anayajua.

"Huyu sasa amefika," alisema.

Nililia. Nililia nikajigaragaza kwenye udongo mpya, Mama akanichapa kwa ajili ya udongo. Nikasema wachinje jike. Baba akauliza tangu lini mkwe akalishwa jike lenye mimba. Nikasema wale kuku. Baba akacheka. Hakuwa mkatili Baba, msimwelewe vibaya, ila kwake mbuzi dume alikuwa mbuzi dume, na mgeni alikuwa mgeni. Nikaenda kulala nimemkumbatia Sabuni zizini mpaka nikabebwa.

Asubuhi Shija alinikuta nimekaa na macho yamevimba. Akachuchumaa. "Baharia," akasema, "nahodha hamwachi mtu wake."

Nampenda kaka yangu kwa neno hilo mpaka leo, pamoja na yote yaliyofuata.

Mpango ulikuwa wa nyambizi mtupu. Baba alikuwa amekwenda kuazima viti kanisani. Mama na Dada wako jikoni na wanawake wa jirani, moshi na vicheko. Aliyebaki juu ya bahari, kwa maneno ya Shija, ni meli moja tu ya adui, na adui huyo alikuwa kwenye kigoda kando ya mlango, ungo mapajani, kichwa kimeinama upande. Bibi. "Huyu ndiye mwenye masikio makali," Shija alininong'oneza. "Tukimpita huyu, tumepita wote." Tungemshusha Sabuni korongoni, tukae naye mpaka washenga wale kitu kingine waondoke zao.

Kwanza, zima kila kinacholia. Shija akachota pamba kwenye ghala la Baba, ile iliyochambuliwa ikawekwa kando, daraja la kwanza, nyeupe pee, akaishindilia ndani ya kengele ya Sabuni. Tukamtikisa. Kimya. Sabuni mwenyewe alishangaa, akatikisa kichwa tena, kama mtu aliyeingia maji masikioni.

Halafu chambo cha makelele. Tulikuwa na mbwa, mzee na mvivu, jina lake Kamanda. Shija akatia kokoto kwenye kopo la maziwa ya unga akalifunga mkiani kwa Kamanda, upande wa mashariki wa boma. Kamanda akalala. Shija akamsukuma. Kamanda akampigapiga Shija kwa mkia, kopo likalia kwach, mbwa akaruka juu, kopo likalia zaidi, naye akatoka nduki kuelekea mashariki akibweka kana kwamba anafukuzwa na shetani. Sisi haoo, magharibi, tumeinama, kupita nyuma ya zizi, kupita kwenye mabua ya mtama, mpaka korongoni. Tukashuka chini kabisa. Mchanga wa korongo ulikuwa wa baridi, na juu yetu mbingu ilikuwa kipande chembamba cha samawati. Shija akanikonyeza. Nilimshika Sabuni pua, nikamwambia ameokoka.

Ndipo tukausikia mwano.

Asiyetoka kwetu huenda haujui mwano. Ni ule ukelele wa hatari wa Kisukuma, unaanza chini ukipanda, na ukishapigwa hakuna mjadala: kila aliyeshika jembe analitupa, kila mwenye upinde anaukamata, na anayesikia anaupokea anaupeleka mbele kwa majirani zake, mpaka kijiji cha tatu. Na uliokuwa unapigwa ulikuwa wa Bibi. Sikujua kama kifua kile kina sauti ile. Ulipanda ukapita juu ya korongo letu, na kabla haujashuka ukapokewa kwa Maganga, ukapokewa ng'ambo, filimbi za sungusungu, walinzi wa kijiji, zikaanza kulia kila upande, pwii, pwii.

"Katusikiaje?" nikauliza.

Shija alikuwa amepauka kama ugali. "Hajatusikia. Haiwezekani. Tumezima kila kitu."

Ndiyo hivyo hivyo. Tulikuwa tumezima kila kitu. Kwenye gemu ya Mjomba, kelele ndiyo inayokuponza na kimya ndicho kinachokuokoa. Lakini kwenye boma la wafugaji nani anashtuka kwa sababu kengele inalia? Kengele ikilia watu wanaendelea kubangua karanga zao. Ikinyamaza ghafla mchana kweupe ndipo moyo unapotoka mahali pake, kwa kuwa wezi wa mifugo ndio wanaojaza majani kwenye kengele. Na wezi hao hao humchokoza mbwa wa mwenye boma upande mmoja ili watoke na mali upande mwingine. Na hushuka korongoni! Sisi na kompyuta yetu tulikuwa tumefanya wizi wa mfano, hatua kwa hatua, wa kufundishia shule.

"Tutulie," Shija alisema. "Watazunguka, watachoka."

Hawakuchoka. Halafu lilikuwapo jambo jingine ambalo kompyuta haikulisema hata kidogo, nadhani kwa sababu aliyeitengeneza alikuwa mtu wa baharini: maji hayashiki nyayo. Vumbi la Bariadi wakati wa kiangazi linashika hata za sisimizi. Hatukukaa sana, tukaona vichwa vikijitokeza kwenye ukingo wa korongo, kimoja, vitatu, halafu pande zote mbili, na chini ya kila kichwa upinde uliovutwa. Wanaume wakatutazama. Sisi tukawatazama. Sabuni akawa anatafuna mkono wa shati la Shija.

"Mwangaluka," nikaamkia, na kupiga goti kabisa, maana nililelewa vizuri.

"Mwangaluka," wakaitika wachache kwa mazoea, mishale bado inatuelekea.

"Nyinyi si watoto wa Ng'wandu?" mmoja akauliza. "Wezi wamepita wapi?"

Shija akafikiri. Nilimwona anafikiri. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Sisi ndio nyambizi."

Hapo ndipo ningependa niseme mambo yakaisha. Bado. Upande wa barabara kikosi kingine cha sungusungu kilikuwa kimewakamata wezi wenyewe. Walikuwa wanaume wanne wageni, hawajulikani, wamekatisha porini kwa mguu, wanamvuta mbuzi asiye na kengele. Ushahidi gani tena unatakiwa? Walipoulizwa wanatoka wapi na mbuzi, walisema Binza. Walipoulizwa wanakwenda wapi, walisema wanakwenda ukweni.

"Kila mwizi ana ukweni," wakajibiwa, wakavuliwa viatu, wakakalishwa chini vumbini, na tai zao shingoni zikatumika kuwafungia mikono.

Baba alifika na viti vya kanisa juu ya baiskeli. Akakuta uwanja wake umejaa pinde, akakuta mama yake amesimama katikati ameshika fimbo anatetemeka, akakuta mkwe wake mtarajiwa na wazee wa mkwe wake wamekaa vumbini bila viatu. Sijawahi kumwona mtu mzima akikosa pa kuanzia kiasi kile. Alianza na viti. Akavipanga, kimoja kimoja, taratibu. Halafu akaenda kumfungua mshenga mkubwa tai, akamfunga tena shingoni vizuri, akamkung'uta magoti.

"Karibuni," akasema.

Ndipo tukaletwa sisi. Mtemi wa sungusungu, mtu mrefu mwenye sauti ya polepole, akaitoa ile pamba kwenye kengele ya Sabuni mbele ya watu wote, kipande baada ya kipande, mpaka Baba akaitambua. "Ya daraja la kwanza!" Baba akasema, na nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mtemi akamgeukia Bibi kwa heshima, kama mwana kwa mama. "Mayu, vijiji vitatu vimetupa majembe. Wengine bado wanakuja, filimbi zao unazisikia. Mwano kwa ajili ya mbuzi mmoja?"

Bibi alikuwa ameshanifikia. Alikuwa ananipapasa kichwa, mabega, mikono, kama anavyopapasa karanga kwenye ungo kutafuta zilizooza. Hakumgeukia hata. "Nani amekwambia nilikuwa nahesabu mbuzi?" akasema.

Watu waliangua kicheko. Nami nikacheka, nikidhani Bibi amemjibu mtemi kwa utani wa kizee, amemweza. Hata wale washenga walicheka, na yule bwana harusi, aliyekuwa bado na majani kichwani, akasema kwamba ukoo unaotoka na mishale namna hii kwa ajili ya mbuzi hatakuwa na wasiwasi nao kamwe, amchukue binti yao leo leo. Dada Nyamizi alisikia akiwa jikoni. Wameishi pamoja mpaka leo, na mzaha huo shemeji anaurudia kila Krismasi.

Lakini sheria ni sheria. Anayesikia mwano asitoke anatozwa. Na mwano ukipigwa pasipo na mwizi, boma lililoupiga linatozwa pia, na faini inaliwa pale pale na waliotoka kuokoa. Faini ni mbuzi dume.

Baba akatazama huku na huku uani. Dume alikuwa mmoja.

Basi Sabuni wangu aliliwa na watu waliokuja mbio kumwokoa. Washenga nao wakachinjiwa mbuzi wao wenyewe waliyemleta, jambo la aibu ambalo wazee walilizungumza mwaka mzima. Nililia nikakataa hata supu. Shija alikula, akaniambia huku ananyonya mfupa kwamba vitani nahodha lazima awe na nguvu, nikamrushia jiwe, likampata. Nilipoingia ndani nilimkuta Bibi amekaa gizani, sahani yake haijaguswa. Akasema meno yanamsumbua.

Asubuhi yake aliniita. Alikuwa ameshika ile kengele, ameisafisha kwa majivu, ameitia kamba mpya. Nikadhani anataka kunipa kumbukumbu, machozi yakaanza upya. Akanipitishia kamba kiunoni, akakaza fundo.

"Tembea," akasema.

Nikatembea. Ting, ting.

"Haya. Nenda popote."

Jamani, aibu! Nilivaa kengele ya mbuzi kiunoni mpaka mvua zilipoanza. Nilikwenda nayo kisimani, nilikwenda nayo kanisani, watu wakigeuka katikati ya sala. Shuleni walinipokea kwa mlio wa mbuzi, mee, darasa zima. Mwalimu mkuu hakunisaidia. Kwa vile ile rimu ya gari tuliyokuwa tunagonga kama kengele ya shule ilikuwa imeibiwa, aliona mwanya, akawa ananituma nikimbie kuzunguka madarasa kila ikifika mapumziko. Nilimwomba Mama anifungue, Mama akasema zungumza na aliyefunga. Nilimchukia Bibi. Nilisema moyoni, huyu ni adui kweli, hata baada ya vita hataki kusamehe. Niliona ni adhabu, na adhabu kubwa kuliko kosa.

Bibi alifariki nikiwa sekondari, na mimi sikuwahi kumuuliza, wala yeye hakusema.

Nilikuja kumwelewa nikiwa mtu mzima, hapa hapa Mwanza, Maduhu akiwa wa kutambaa. Nilikuwa nafua nyuma ya nyumba na yeye yuko mbele anagonga kifuniko cha sufuria sakafuni, kelele za kuudhi kabisa, kichwa kinaniuma. Kikanyamaza. Kile kifuniko kilinyamaza tu, basi, na mimi nikajikuta nimesimama mlangoni na povu mpaka viwikoni, bila kukumbuka nimefikaje. Alikuwa amelala juu ya kifuniko. Nikakaa chini pale pale nikalia, na nilikuwa namlilia bibi mmoja asiyeona, aliyekaa mlangoni na ungo wake, akijua mjukuu wake yuko wapi kwa kengele ya mbuzi anayemfuata. Hakuwa na haja ya kuita Kabula. Alikuwa ananisikia mchana kutwa. Halafu siku moja nikaijaza pamba.

Nani amekwambia nilikuwa nahesabu mbuzi? Na sisi tulicheka.

Nayafikiria hayo huku nakwangua michembe iliyoungua, na huko chumbani nyambizi ya mwanangu inaendelea kuwindwa. Ting. Kimya. Ting. Halafu kimya, na kimya tena, na mwiko nimeuacha mezani, niko mlangoni kwake.

Maduhu amevaa vile vitu vya masikioni. Ameniona, ametoa kimoja. "Mama, vipi?"

"Kwa nini umezima sauti?"

"Si wewe ulisema nakupigia kelele?"

"Washa," nikamwambia.

"Mama, wewe hueleweki."

"Washa tu, baba. Washa nikusikie."